Kitanda cha Mfalme: Juu ya Hukumu ya Reisner

Kitabu cha George Reisner juu ya makaburi ya Kerma kilitolewa mwaka 1923, na hata leo hakuna awezaye kujifunza mambo ya wafalme wa kale wa Nubia pasipo kukifungua. Tunakisifu kwanza, maana kinastahili sifa. Mwamerika huyu alichimba Kerma, kaskazini ya Sudani, tangu mwaka 1913 hata 1916, akapima na kuandika kila kitu mahali pake. Kwa kazi yake twajua namna wafalme wale walivyozikwa, yapata miaka 1,700 kabla ya Kristu: maiti alilazwa juu ya kitanda kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa, viatu na sime karibu naye, pamoja na vyungu vyembamba vyekundu vyenye mdomo mweusi. Juu yake ulifanywa mlima wa udongo wenye upana wa mita 90 hivi.

Humo walikutwa pia watu waliouawa ili wamfuate bwana wao; katika kaburi moja walipita 300. Mwenye kusifu mambo ya kale ya Afrika na kuwanyamazia watu hao hasemi kweli.

Lakini mwalimu huyu alipofika penye hukumu, alianguka. Katika kaburi moja kubwa alikuta sanamu ya liwali wa Misri, Hapidjefa, na ya mkewe Sennuwy. Basi akasema: makaburi haya ni ya maliwali Wamisri. Kwa nini? Hapidjefa alijitengenezea kaburi lake Asyut, kwao Misri, na aliishi vizazi vingi kabla ya mfalme yule wa Kerma. Tena Mmisri gani mwenye cheo angekubali kulazwa juu ya kitanda, mbali na kwao, chini ya mlima wa udongo? Leo wenye elimu wanakubali kwamba sanamu zililetwa baadaye kutoka Misri, na kwamba waliozikwa ni wafalme wa Kushi wenyewe.

Kosa hilo alilirudia. Huko Kurru alifukua makaburi ya ukoo uliotawala Misri yote, pamoja na farasi wao 24 waliozikwa na mapambo yao. Akasema asili ya ukoo huo ni Libya. Lakini katika kaburi la Piye, chini ya piramidi ya namna ya Kimisri, jiwe la kulazia maiti limekatwa pembe zake ili miguu ya kitanda iingie. Miaka elfu moja ilikuwa imepita, na kitanda ni kilekile! Hata Taharqa, aliyeitwa Tirhaka katika Maandiko Matakatifu (2 Wafalme 19, 9), alizikwa Nuri pamoja na visanamu zaidi ya 1,000 vya kumfanyia kazi ahera. Navyo ni desturi ya Misri, lakini mwenyewe ni mtu wa Kushi.

Shina la kosa ni nini? Wazo lilikuwa kichwani kabla jembe halijagusa udongo: kwamba kazi kubwa na utawala haviwezi kutoka kwa watu weusi. Macho yaliona kitanda, wazo likakataa.

Tusimcheke upesi. Wengi wetu tumeandika juu ya desturi za wazee wetu. Mmoja anaona sahani na mkeka juu ya kaburi, anaandika “ushenzi” kabla ya kuuliza. Mwingine anaona vilevile, anaandika “imani ya ufufuko”. Wote wawili ni Reisner. Kitanda na viatu vyaonyesha kwamba watu wa Kushi walimhesabu mfu kuwa anaishi bado na ana haja. Havionyeshi kwamba walingojea ufufuko wa mwili. Basi seminaristi na katekista waandike aliyoyaona katika ukurasa mmoja, na wanayodhani katika mwingine.

Nchi ileile ilipokuwa ya Kikristu, Askofu Mkuu Georgios alizikwa Dongola mwaka 1113. Kuta za chumba cha kaburi lake zimeandikwa maneno ya mwanzo na ya mwisho ya Injili nne. Hapo hatuna haja ya kukisia aliamini nini.