Pumzi Katikati ya Mitambo

Albamu: Are You Shpongled?
Wasanii: Shpongle (Simon Posford na Raja Ram)
Watoaji: Twisted Records, Uingereza, 1998

Najua wapo watakaouliza: muziki wa mashine, usio na mwimbaji wa kueleweka wala beti, unatafuta nini kwenye jarida la waandishi? Haya, ngoja nijibu. Albamu hii ina nyimbo 7 tu, lakini inakula zaidi ya dakika 75. Hakuna mtu anayetushika mkono kutusimulia kisa, na bado wenyewe wanataka tuisikilize kama kisa, tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa wewe unayehangaika na riwaya yako ya kwanza, utaipitaje kazi kama hiyo? Humo utaona jinsi msikilizaji anavyoweza kushikwa bila neno hata moja. Na utaona pia pale wasanii walipoishiwa na la kusema, wakajificha nyuma ya mbwembwe.

Tuanze na asili yake. Saitransi ilichipuka kwenye sherehe za usiku za Goa, pwani ya magharibi ya India, ambako wasafiri kutoka Ulaya na kwingineko walikuwa wakicheza mchangani mpaka jua linawatokea. Miaka ya 1990 muziki huo ukapata jina na mashabiki wake. Kawaida yake ni mapigo ya mbio, kama 140 hadi 150 kwa dakika, besi inayokimbia chini bila kupumzika, na milio ya vinanda vya umeme inayojinyonganyonga juu yake. Simon Posford, Mwingereza, alikuwa fundi wa mbio hizo. Kwa jina la Hallucinogen alitoa Twisted mwaka 1995, na mpaka leo wapenzi wa saitransi wanaitumia kuwapimia wengine. Mwenzake, Raja Ram, ni mzaliwa wa Australia na mpiga filimbi, aliyekuwa kwenye bendi ya Quintessence ya London tangu mwaka 1969. Shpongle walipotoa albamu hii, Posford alikuwa hajatimiza miaka 30 na mzee alikuwa ameshavuka 50. Kijana na mitambo yake, mzee na filimbi yake.

Wenyewe wamesimulia kwamba walitazama kupatwa kwa jua huko India, wakatamani kutengeneza muziki wa jambo lile walilolishuhudia. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sifa ya kwanza ya albamu ni kwamba fundi wa mbio ameamua kutembea. "Shpongle Falls", wimbo wa kufungulia, unakuja polepole, na besi nzito ya ukoo wa dab ya Jamaika. Mtu aliyezoea Hallucinogen atakaa akisubiri mlipuko, na atasubiri sana. Badala yake inaingia filimbi. Hapo ndipo kazi hii inaponikamata. Mashine haichoki wala haihemi. Ukiiwasha itapiga mpaka umeme ukatike. Mpiga filimbi ni lazima avute pumzi. Kila Raja Ram anapokata ili apumue, unahisi kwamba kati ya nyaya zile zote yupo mtu mwenye mapafu. Kuna waandishi wetu ambao sentensi zao hazina mapafu: sifa juu ya sifa, tamathali juu ya tamathali, hata msomaji anakosa mahali pa kuhema. Wasikilize filimbi hii.

Sifa ya pili ni subira. "Behind Closed Eyelids" una zaidi ya dakika 12, na hauna kiitikio cha kukurudisha nyumbani. Sauti moja inaongezwa, nyingine inaondolewa taratibu, na unapozinduka uko mahali pengine kabisa bila kujua ulivuka saa ngapi. Sisi tunapohama kutoka sura moja kwenda nyingine tunapenda kupiga kengele: "Baada ya miaka mitano...", "Huku nyuma mjini..." Hawa jamaa hawapigi kengele. Wanakuvusha tu.

Lakini tusifunikane blanketi. Albamu ina kasoro, na nyingine si ndogo.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni zile sauti za kuazima. Humu mmesambazwa vipande vya sauti za watu, vilio, nyimbo na maneno ya lugha mbalimbali, vikakatwa na kuchovywa kwenye mwangwi. Vinanukia vizuri, sikatai. Lakini msikilizaji hapewi nafasi ya kujua anayeimba ni nani, analia nini, anamwomba nani. Ametiwa kama iliki kwenye chai: harufu inatakiwa, punje inatupwa. Posford na Raja Ram si wa kwanza kufanya hivyo, na wala sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba kisanaa ni udhaifu. Mtu akiletwa jukwaani halafu akanyimwa la kusema, anakuwa pambo. Na sisi tunaotoka kwenye nchi ambazo ngoma na vilio vyake huwa rahisi kugeuzwa pambo kwenye kazi za wengine, tukinyamaza kuhusu hili nani atasema? Halafu tujiangalie na sisi. Ni hadithi ngapi za vijana wa mjini zina bibi wa kijijini anayetokea ukurasa wa tatu, anatoa methali moja, kisha haonekani tena?

Kasoro ya pili ni utani wa ndani. Neno lenyewe "Shpongle" ni la kubuni, jina la Raja Ram la ile hali ya kujisikia raha isiyo na kifani, na jina la albamu linakuuliza kama umeshafika huko. Sawa, hapo pana uchangamfu. Ila ukifika "Divine Moments of Truth", chukua herufi za mwanzo za maneno makubwa: D, M, T. Ni jina la dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone maruweruwe. Wajuzi wanakonyezana, wewe mwingine unabaki nje ya mlango. Kwa mdundo wimbo huu ni bomba, pengine ndio unaoinua miguu kuliko yote. Tatizo ni kwamba utani ukishaujua umekwisha, na wimbo una zaidi ya dakika 10. Kazi ya sanaa inayomtaka mtu alewe kwanza ndipo aipende imejikopea sifa. Kipimo changu ni cha kikabwela: redio ya kawaida, mchana, kichwa kitupu. "Shpongle Falls" unapita. "Divine Moments of Truth" unapita nusu, kwa nguvu ya mdundo.

"Shpongle Spores" haupiti. Ndio mfupi kuliko yote, kama dakika 7, lakini kwangu ndio mrefu. Milio inabubujika, inapasuka, inarukaruka huku na huku, na yote inasema jambo moja: tazameni studio yetu ilivyo na vitu. Ufundi upo, si mchezo. Safari ndiyo haipo.

Wapo watakaosema, aah, kazi ya kwanza hiyo, wasamehewe. Mimi naona wenyewe walijirekebisha. Kwenye Tales of the Inexpressible ya mwaka 2001 gitaa na waimbaji walipewa nafasi kubwa zaidi, na watu wale wa kuazima wakaanza kupata wenzao wenye miili.

Sasa turudi kwenye lile jua. Wimbo wa mwisho, "...And the Day Turned to Night", unakaribia dakika 20. Ungetegemea wasanii wenye mitambo yote ile wakulipulie anga. Hawakufanya hivyo. Muziki unapungua kama mwanga unavyopungua, filimbi inabaki, na nafasi kati ya sauti moja na nyingine inazidi kupanuka. Hapa hakuna utani wa herufi wala kujionyesha. Watu wawili waliona mchana ukizimika, wakaona vigumu kueleza, wakakaa nao dakika 20 bila haraka. Kwa wimbo huo peke yake naiweka albamu hii kwenye kabati, na kasoro zake zote.

Ukiipata, usianzie mwanzo. Anza na huo wa mwisho, mpaka utakaponyamaza wenyewe. Halafu soma sura uliyoandika wiki hii, uone kama kuna mahali inapovuta pumzi.