Kuiga Maelewano ya Transfoma na Spika

Taarab ya Mombasa haijawahi kuogopa chombo kigeni. Taishokoto, ala ya nyuzi iliyobuniwa Nagoya, Japani, mnamo 1912, ilipata makao katika vikundi vya kisiwa hiki, ikaunganishwa na umeme, na mlio wake ukawa sehemu ya utamu wa nyimbo za mwimbaji Zuhura Swaleh. Ala ya namna hiyo, sawa na gitaa la umeme, haimalizi kazi kwenye nyuzi zake. Sehemu kubwa ya sauti huundwa ndani ya amplifaya. Ndiyo maana mafundi wanaoandika programu za kuiga amplifaya za valvu wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waundaji wa ala. Na ubora wao haupimwi kwa kunakili sauti pekee. Hupimwa kwa jinsi wanavyonakili namna vipande vya chombo vinavyoathiriana.

Tutazame kinachotendeka. Valvu za mwisho hutoa volteji kubwa na mkondo mdogo, ilhali spika inataka mkondo mwingi kwa volteji ndogo. Transfoma huzipatanisha. Lakini spika iliyoandikwa omu 8 haitulii kwenye 8. Karibu na hezi 80 hadi 100, mahali koni inapopenda kutikisika, ukinzani wake hupanda mara kadhaa. Hushuka katikati, kisha hupanda tena kwenye sauti nyembamba kwa sababu ya koili. Koili hiyo, ikicheza ndani ya sumaku, huzalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo huirudia valvu kupitia transfoma. Amplifaya ya transista kwa kawaida huundwa isiyumbishwe na hayo. Ya valvu, hasa isiyotumia mrejesho wa kujisahihisha, kama Vox AC30, huyumba pamoja na spika: besi hunenepa, sauti nyembamba hung'aa. Transfoma nayo ina kikomo, kwani noti nzito ikipigwa kwa nguvu, chuma chake hushiba usumaku na sauti hubanwa.

Njia nyepesi ya kuiga haya ni kupeleka mlio mfupi kwenye spika, kurekodi mwitikio wake, na kuutumia kama chujio. Njia hiyo hushika rangi ya kabati, lakini haishiki mzigo ambao spika huutwika amplifaya. Ni sawa na kumrekodi mwimbaji wa taarab peke yake, kisha mpiga dumbaki peke yake: sauti zote zipo, ila hakuna anayemsikiliza mwenzake. Fundi hodari huandika milinganyo ya saketi nzima. Valvu inategemea spika, spika inategemea valvu, zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kompyuta hukisia jibu, hulisahihisha, hulisahihisha tena, na yote haya sharti yaishe ndani ya muda wa sampuli moja ya sauti, mara nyingi sehemu moja ya 48,000 ya sekunde. Hata chuma cha transfoma, ambacho usumaku wake wa sasa hutegemea uliotangulia, hupewa milinganyo yake.

Atasema mtu: mwalikwa wa harusi katika mtaa wa Kibokoni hatambui tofauti hiyo. Huenda hatambui, lakini mpigaji anaitambua. Mkono wake hulegea au hukaza kufuatana na jinsi noti inavyomjibu, na upigaji huo ndio unaomfikia mwalikwa. Mwingine atasema kwamba mwigo hauna roho ya kitu halisi. Hoja hii ina ukweli wake: programu ikipitishwa kwenye spika za ukumbi, haisukumi hewa nyuma ya mpigaji kama kabati la gitaa. Lakini kinachoitwa roho hapa, kwa sehemu kubwa, ni mwitikio, na mwitikio una sababu zinazoelezeka. Tena amplifaya ya valvu kama Fender Twin Reverb ina uzito wa kilo 29 hivi. Kuibeba katika vichochoro vya Mji wa Kale, na kuilinda dhidi ya unyevu na chumvi ya bahari, si jambo dogo.

Basi mwanamuziki anayechagua kifaa asihukumu kwa noti moja. Apige polepole, apige kwa nguvu, apunguze sauti ya gitaa, asikilize kama chombo kinamfuata. Kikimfuata, ajue kwamba kuna fundi aliyechunguza chuma, waya na karatasi ya koni kwa subira ileile ya mchongaji wa ud, naye anastahili heshima hiyohiyo.