Delta: gemu ni ile ile, mwendo si ule

Joto la Julai hapa Doha halina mzaha. Ukitoka nje saa nane mchana utarudi ndani bila kuitwa. Ijumaa moja ya namna hiyo nilijifungia na kiyoyozi nikaingiza kwenye simu emuleta iitwayo Delta, yaani programu inayoiga mashine za gemu za zamani. Mtengenezaji wake ni Riley Testut, na iliingia katika duka la programu la Apple Aprili 2024, baada ya kampuni hiyo kulegeza masharti yaliyokuwa yakizizuia. Ni ya bure. Huja tupu: gemu unaleta mwenyewe, na uhalali wake unaubeba mwenyewe.

Nikafungua Contra ya Konami, ile ya 1988. Tuliokulia Tanga hatuhitaji kuelezwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, na seti zilipoanza kuenea majumbani, mashine za gemu za bandia zilifuata nyuma, pamoja na kaseti zilizoandikwa kuwa zina gemu 9,999,999. Ukizihesabu, ni chache tu zinazojirudia kwa majina mengine.

Tuanze na sifa. Picha ni safi, sauti ni safi, na hakuna kuipuliza kaseti kwa mdomo. Unaweza kuhifadhi mchezo popote ulipofika, na ukifa unarudi hapo hapo. Lakini hapo ndipo raha inapovuja. Sebuleni kwetu, roho zako tatu zikiisha, pedi inakwenda kwa anayengoja. Mkicheza Contra wawili, aliyeishiwa anaweza kuchukua roho ya mwenzake. Na pale kwenye maporomoko ya maji, anayepanda kwa pupa humuua aliyebaki chini, kwa sababu kioo hakimsubiri. Ndugu wamegombana kwa hilo mpaka mama akachomoa waya. Mimi hapa, peke yangu, nikihifadhi kila hatua kumi, nilimaliza kabla ya Magharibi na sikumwambia mtu.

Baadaye nilimrekodia kaka yangu, aliyeko Tanga, kipande kifupi nikamtumia. Nilidhani atacheka. Akajibu, "Mdogo wangu, mbona inakimbia hivyo? Si yetu hiyo."

Nilitaka kumbishia, kisha nikakumbuka jambo. Televisheni za kwetu zilifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde. Za Japani na Marekani zilikwenda 60. Gemu hizi ziliandikwa kwa 60, lakini mashine za bandia zilizotengenezwa kwa nchi za PAL ziliziendesha kwa 50. Mwendo ukapungua kwa moja ya sita: safari ya sekunde 50 ikachukua 60, na muziki nao ukavutika. Kaka hakuwahi kusoma habari hizo, lakini vidole vyake vinazijua.

Basi hukumu yangu ni hii. Delta ni kazi nzuri, na kwa aliyekulia Osaka au Chicago inarudisha utoto wake kama ulivyokuwa. Sisi inaturudishia utoto wa jirani. Wanaohifadhi historia ya michezo hii huhifadhi zaidi mashine zenye jina. Ile ya bandia iliyotulea, yenye mwendo wake wa pole, haina wa kuitetea. Sisi wa ughaibuni tunajua ilivyo kukumbukwa kwa hesabu za wengine.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ukienda likizo, kabla hujamruhusu mtu kusafisha stoo, tazama juu ya kabati. Kaka anasema yetu bado ipo, pedi moja imekatika waya. Nimemwambia asiitupe, nakuja Desemba, Inshallah. Na safari hii kwenye maporomoko nitamsubiri.