Wasoma Mapengo

Risiti namba 41 imetoka, inayofuata ni 74. Mhasibu amesimama nyuma ya kiti akidai kuna wizi, na fundi wa hifadhidata hamjibu bado, anahesabu. Zimekosekana 32. Ndipo anauliza umeme ulikatika saa ngapi. Nimeona mafundi wepesi kuliko yule mzee, lakini sijaona aliyeliheshimu pengo kiasi kile.

Alijua kwamba PostgreSQL huandika namba 32 mbele katika kumbukumbu zake, na ikianguka ghafla, zisizotumika zimekwenda. Pengo la 20 katika Oracle, ruko la 1000 katika SQL Server tangu toleo la 2012: kila mfumo una mwandiko wake. Namba moja ikikosekana hapa na nyingine pale, ni miamala iliyovunjika njiani. Namba iliyokwisha kutolewa hairudishwi, maana ingerudishwa, kila muamala ungelazimika kumsubiri mwenzake.

Kilichomuudhi zaidi ni MySQL ya zamani. Injini yake ya InnoDB iliweka kihesabio kwenye RAM tu. Futa mteja wa mwisho, zima seva, iwashe: inatazama namba kubwa iliyobaki, inaongeza moja, na mteja mpya anapewa namba ya yule aliyefutwa. Kama barua za madeni zilihifadhiwa kwingine kwa namba ile, mgeni amerithi deni la mtu asiyemjua. Kasoro hiyo iliripotiwa mwaka 2003, ikasubiri toleo la 8.0, mwaka 2018. Miaka yote hiyo, kinga ilikuwa macho ya watu kama yeye.

Siku hizi kihesabio kinasukumwa kwa amri iliyonakiliwa tu, na ushahidi unafutika kabla haujasomwa. Lipo linaloniumiza zaidi. Katika PostgreSQL, data ya zamani inaingizwa pamoja na namba zake, kihesabio kinabaki nyuma, na kila rekodi mpya inakataliwa kwa kugongana na iliyopo. Kijana anabonyeza tena. Anabonyeza tena. Kila jaribio lililokataliwa linakula namba moja, hadi kihesabio kinapita zile za zamani na rekodi inakubaliwa. Anawaambia wenzake mfumo umejitengeneza wenyewe, nao wanarudi kwenye kazi zao bila hata mmoja kuuliza ulikuwa na nini.