Nusu Tone

Katika vitendo vyote vya kemia ya sekondari, hakuna kinachouanika mkono wa mtu kama taitresheni. Kuieleza ni rahisi: tindikali inadondoka kutoka kwenye bureti kuingia katika chupa ya koni yenye besi, mpaka mbili hizo zimalizane na rangi igeuke. Kisha unasoma kiasi kilichotumika.

Mtazame fundi sanifu wa maabara aliyeiva, asubuhi, kabla Kidato cha Nne hawajaingia. Akishavaa koti na miwani anaanza kusuuza. Bureti anaisuuza kwa tindikali ileile itakayoijaza, pipeti kwa besi, chupa ya koni kwa maji yaliyokenekwa basi. Mgeni atadhani ni mazoea tu. Kumbe maji yakibaki ndani ya bureti yataizimua tindikali na kipimo kitadanganya. Katika chupa ya koni mambo ni kinyume: mabaki ya besi yangejiongeza juu ya sentimita za ujazo 25 zilizopimwa, lakini maji hayadhuru kitu, kwani moli za besi iliyomiminwa ni zilezile. Wanafunzi wengi huikariri dhana ya moli ubaoni bila kuielewa. Mimi ningeifundishia hapa, kwenye sinki.

Pipeti anaivutia kwa kifyonzio cha mpira. Wapo wanaofyonza kwa mdomo mpaka leo, na sodiamu haidroksaidi huunguza koo. Haraka ya mtihani si kisingizio. Tone linalosalia kwenye ncha halipulizi. Anaigusisha ncha kwenye ukuta wa chupa na kuliacha, maana pipeti ilipimwa kiwandani kwa kulihesabia tone hilo.

Bureti ikishajaa, anaondoa faneli, isije ikadondosha tone baadaye. Anafungua koki kidogo kutoa kiputo cha hewa kilichojificha nchani mwake, kisha anainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa kimiminika, asome pale chini kabisa unapobonyea. Mistari inaonyesha 0.1, jicho lake linakadiria hadi 0.05, kiasi cha tone moja hivi.

Mkono wa kushoto unaizunguka koki, wa kulia unaizungusha chupa juu ya karatasi nyeupe. Methili oranji ni matone mawili tu, kwa kuwa kiashirio nacho hula tindikali kidogo. Umanjano unapasuka wekundu pale tindikali inapoangukia, kisha unarudi. Wekundu ukianza kuchelewa kufifia, naye anapunguza mwendo. Hatimaye anaifungua koki kwa kiasi ambacho kimiminika kinaning'inia bila kuanguka, anakigusisha kwenye ukuta wa chupa, anakisukuma ndani kwa maji yaliyokenekwa. Hilo ndilo nusu tone. Rangi inakuwa ya chungwa. Ikiwa nyekundu, amepitiliza.

Friedrich Mohr, mfamasia Mjerumani aliyechapisha kitabu chake cha taitresheni mwaka 1855, alitumia bureti yenye mpira na kibanio badala ya koki. Nusu tone lilitoka kwa kubinya kwa vidole.

Fundi wetu anarudia mpaka vipimo vyake visipishane zaidi ya 0.1. Kisha anamwaga, anasuuza, na kuigeuza bureti kichwa chini, koki wazi. Siku bureti ilipobeba besi anasuuza zaidi, kwani besi ikikaukia humo hugandisha koki ya kioo.