Kuchagua Kamera ya Rangi Yenye Kipoza kwa Picha za Anga za Mbali

Kamera ya rangi yenye kipoza imeundwa kwa kazi moja: kukusanya, kwa dakika nyingi mfululizo, mwanga hafifu wa nebula na galaksi. Hufungwa nyuma ya darubini na kuendeshwa na kompyuta. Ubora wake haupimwi kwa wingi wa megapikseli zilizoandikwa kwenye kasha, bali kwa kihisi, kipoza, ulinganifu na darubini, na picha ya giza, yaani ile inayopigwa kamera ikiwa imefunikwa.

Kihisi ndicho moyo wa kamera. Watengenezaji kama ZWO, QHYCCD na Player One wa China hutumia kwa sehemu kubwa vihisi vilevile vya Sony, kwa hiyo namba ya kihisi hueleza mengi kuliko jina la kamera. IMX533 ni mraba wa milimita 11.3 wenye pikseli milioni 9. IMX571 ina milimita 23.5 kwa 15.7 na pikseli milioni 26, na IMX455 ina milimita 36 kwa 24 na pikseli milioni 61. Pikseli za vyote vitatu zina upana uleule wa mikromita 3.76, na kila moja hubeba takriban elektroni 50,000 kabla ya kujaa. Anayelipia kihisi kikubwa, basi, hununua hasa eneo pana la anga. IMX294 na IMX183 bado hutoa picha nzuri, lakini saketi zake huacha mng'ao pembeni mwa picha.

Rangi hutokana na vichujio vidogo vilivyopangwa juu ya pikseli: katika kila nne, moja hupokea nyekundu, mbili kijani na moja bluu. Mpango huo, uliopewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak, huokoa muda kwa sababu rangi zote huingia katika picha moja. Hasara yake ni kwamba mwanga mwekundu wa hidrojeni, wa nanomita 656.3, ambao nebula nyingi hung'aa kwao, hupokewa vizuri na robo tu ya pikseli. Penye taa nyingi za mjini, kichujio cha kanda mbili, kinachopitisha mwanga wa hidrojeni na wa oksijeni peke yake, husaidia sana.

Kipoza huja baada ya kihisi. Joto hufanya kihisi kizalishe elektroni hata gizani, na kiasi chake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi. Elektroni hizo ndizo huleta chengachenga katika picha za muda mrefu. Vipoza vingi vya umeme hushusha joto nyuzi 35 hivi chini ya hewa ya nje. Usiku wa nyuzi 27 katika pwani ya Afrika Mashariki, lengo la nyuzi 5 chini ya sifuri linafikika. Lengo la 20 chini ya sifuri halifikiki. Hata hivyo, sifa kuu ya kipoza ni kushikilia joto lililowekwa bila kuyumba, ili picha za giza za kusahihishia zilingane na picha za anga. Kwenye hewa yenye unyevu, chumba cha kihisi kinapaswa kufungwa barabara, kiwe na chembe za kukausha zinazobadilishika na kipasha joto cha kioo cha mbele. Vinginevyo umande huganda juu ya kihisi.

Ulinganifu na darubini hupigiwa hesabu. Upana wa pikseli kwa mikromita huzidishwa kwa 206, kisha hugawanywa kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sekunde za pembe kwa kila pikseli. Pikseli ya 3.76 kwenye darubini ya milimita 400 hutoa 1.9, kipimo kinachofaa anga la kawaida. Kwenye darubini ya milimita 2000 hutoa 0.39, yaani undani ambao mtikisiko wa hewa huufuta karibu usiku wote. Kwa darubini hiyo ya milimita 400, IMX533 huona nyuzi 1.6 za anga, zinazotosha Nebula ya Orion. Galaksi ya Andromeda, yenye urefu wa nyuzi 3 hivi, huhitaji IMX571. Duara la mwanga la darubini nalo lazima lifunike kihisi kizima; la sivyo pembe za picha huwa nyeusi na nyota zake huvutika.

Jaribio la mwisho ni picha ya giza. Kamera hufunikwa, hupozwa, kisha hupiga picha kadhaa za sekunde 300 katika joto lilelile. Mwangaza wa picha ukiongezwa kwa programu, kamera nzuri huonyesha uso wa kijivu ulio sawa toka kona hadi kona, usio na mistari wala mng'ao, na picha ya kwanza hufanana na ya mwisho. Kamera inayoshindwa gizani haitaokolewa na nyota.