Na Zala Zala: Mdundo, Lugha na Kumbukumbu

Santuri ya Na Zala Zala, kazi ya Rey Sapienz na kundi lake The Congo Techno Ensemble, ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2021. Sapienz, mzaliwa wa Ituri, alikulia katika miaka ya vita kabla ya kuhamia Uganda.

Kifani, kazi hii inaunganisha midundo ya kompyuta na kasi ya dansi ya Kongo. Sauti zake zinamkumbusha msikilizaji atalaku, yule mpaza sauti anayewachochea wachezaji. Hata hivyo, neno "tekno" linamwelekeza msikilizaji wa mbali kwenye mdundo tu, na kuyaacha maneno nyuma.

Jina la santuri ni la Kilingala, lugha iliyoenezwa nchini na muziki na jeshi pia. Bunia, mji wa Waswahili wa bara, huisikia lugha hiyo kwa masikio mawili: moja la sherehe, jingine la hofu. Santuri hii inayakutanisha yote mawili. Kwa hiyo, uhakiki unaopima ngoma bila kuipima lugha unaiacha nusu ya maudhui.